Siku Kumi za Mpangaji: Notisi ya Kuhama katika Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Insha hii inahusu jambo linaloonekana dogo: mpangaji anayelipa kodi mwezi kwa mwezi amwarifu mwenye nyumba siku ngapi kabla ya kuhama? Huko Palma na Mocímboa da Praia, jibu la sheria lina umri mkubwa kuliko uhuru wa Msumbiji.

Jibu hilo limo katika Kanuni ya Kiraia ya Ureno ya mwaka 1966, iliyoletwa na wakoloni na ikabaki baada ya 1975. Kifungu cha 1055 kinapima notisi kwa urefu wa mkataba: miezi sita kwa mkataba wa miaka sita na zaidi, siku 60 kwa mwaka mmoja hadi sita, siku 30 kwa miezi mitatu hadi mwaka, na theluthi ya muda kwa mkataba wa chini ya miezi mitatu. Kwa hiyo mpangaji wa mwezi hudaiwa notisi ya siku 10 kabla ya mwezi kwisha. Pande zote zikinyamaza, mkataba unaendelea.

Tarehe 3 Februari 1976 Rais Samora Machel alitangaza kutaifishwa kwa nyumba za kupangisha. Serikali ikawa mwenye nyumba, kupitia shirika la APIE, na mpangaji akaaga ofisini badala ya barazani. Mwaka 1991 sheria iliruhusu wapangaji wauziwe nyumba hizo. Hata hivyo, mageuzi hayo yaligusa zaidi majengo ya saruji. Katika mitaa ya udongo na makuti, chumba kiliendelea kupangishwa kwa neno la mdomo.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma ilishambuliwa. Watu walikimbia kwa miguu na kwa mashua, wengine hadi Pemba. Hakuna aliyepata siku 10 za kuaga. Je, kodi iliendelea kuhesabiwa juu ya chumba kisichokalika?

Wazee wetu husema ahadi ni deni, na wapo wanaojibu kwa methali hiyo peke yake. Mimi nasoma pia kifungu cha 1040. Mpangaji akizuiwa kutumia nyumba kwa sababu isiyomhusu yeye wala mwenye nyumba, kodi hupunguzwa iwapo kizuizi kimepita sehemu moja ya sita ya muda wa mkataba. Kwa mkataba wa mwezi, hizo ni siku tano tu.

Kwa maoni yangu, notisi ni sheria ya siku za amani: inamlinda mwenye nyumba asiachiwe chumba kitupu ghafla. Haikutungwa kumdai mtu aliyekimbiza roho yake. Mwenye nyumba naye alikimbia na kupoteza, kwa hiyo wanaorejea wanahitaji kukaa pamoja na kuhesabu kwa haki. Lakini hesabu hiyo ianze kwa kujua kwamba sheria ileile inayodai siku 10 inatambua pia siku ambazo mtu hakuweza kulala nyumbani kwake.