Bangwana, Basenji na Mbwa wa Kuwinda: Historia ya Jina Moja

Neno «safari» husifiwa mara kwa mara kuwa neno la Kiswahili lililotembea ulimwenguni kuliko mengine yote. Neno «basenji» halisifiwi, ingawa nalo limefika mbali. Katika vitabu vya wafugaji wa Ulaya na Marekani, hilo ni jina la mbwa: mnyama mdogo, mwenye masikio yaliyosimama, makunyanzi kwenye paji la uso, mkia uliojikunja juu ya kiuno, na sifa ya kutobweka. Vitabu hivyo hupenda kueleza kwamba maana ya jina hilo ni «kitu kidogo cha porini». Msomaji wa Kongo hawezi kuipokea tafsiri hiyo, kwa kuwa kwake neno hili halikuwa la mbwa, bali la watu.

Makala haya yanakusudia kufuata njia mbili. Ya kwanza ni njia ya neno, kutoka pwani hadi bara. Ya pili ni njia ya mbwa, kutoka mikononi mwa wawindaji hadi ng'ambo. Njia hizo zinapokutana, swali moja hujitokeza: ni nani aliyemfunza mbwa huyo, na kwa nini jina alilopewa linamtukana mwalimu wake?

1. Mwungwana na mshenzi

Katika Kiswahili cha pwani ya karne ya 19, jamii iligawanywa kwa maneno mawili yaliyotegemeana. Mwungwana alikuwa mtu huru, mkaazi wa mji, Mwislamu, mjuzi wa adabu. Mshenzi alikuwa mtu wa bara, asiyejua dini wala desturi za mji. Maneno hayo mawili yalisafiri pamoja na misafara ya pembe na watumwa hadi Nyangwe, Kasongo na Maporomoko ya Stanley, ambako Tippu Tip alifanywa gavana mwaka 1887.

Watu wa misafara, wengi wao wakiwa wenyeji wa bara waliofuata mavazi na dini ya pwani, walijiita Bangwana. Lugha yao ikaitwa Kingwana, jina ambalo Kiswahili cha mashariki ya Kongo kilibaki nalo kwa muda mrefu. Neno la pili lilifuata sheria za matamshi ya bara: kiambishi wa- kikawa ba-, sauti sh ikawa s, na z ikawa j. Hivyo washenzi wakawa basenji. Lingala nayo ikalipokea. Kwa hiyo Kingwana na basenji ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alipata heshima, mwingine akabebeshwa dharau.

Wabelgiji walilikuta neno liko tayari, wakalitumia. Katika Kifaransa cha koloni, «basenji» alikuwa mtu wa kijijini ambaye hajaguswa na shule wala kazi ya mshahara. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia lilisimama kinyume cha neno «évolué», hasa serikali ilipoanzisha kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948 na kadi ya uandikishaji mwaka 1952. Aliyeomba kadi alipaswa kuthibitisha, katika nyumba yake na mbele ya wakaguzi, kwamba yeye si basenji. Mwungwana wa msafara alikuwa ameondoka, lakini kipimo chake kilibaki.

2. Mbwa mkononi mwa mwindaji

Georg Schweinfurth, msafiri Mjerumani aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, alieleza katika kitabu chake mbwa wadogo wenye mikia iliyojikunja, waliovishwa kengele za mti shingoni ili wasipotee katika majani marefu. Kengele hiyo ndiyo ufunguo wa kuelewa ufundi wote wa uwindaji huu. Mbwa anayebweka humwambia bwana wake yuko wapi kwa sauti yake mwenyewe. Asiyebweka lazima apewe sauti. Kwa hiyo wawindaji wa Uele na wa msitu wa Ituri walimchongea kengele, na sikio la mwindaji likajifunza kusoma mlio wake: mbwa anatembea, anakimbia, amegeuka, amesimama. Kengele hiyo hiyo humshtua mnyama aliyejificha na kumtoa mafichoni.

Katika Ituri ziko namna mbili kubwa za kuwinda. Baadhi ya Wambuti hutumia nyavu: wanaume huzitega kwa nusu duara, wanawake na watoto huwafukuza wanyama kuelekea huko. Waefe hupendelea upinde na mishale. Kwa wapiga mishale, mbwa hushika nafasi ya wafukuzaji: huingia vichakani na kumtoa mboloko au paa mwingine mdogo, naye hupita mbele ya wapiga upinde waliokwisha kujipanga.

Mbwa mchanga huingia katika kazi hii kwa kufuata. Hutembea na mbwa wakubwa, huiga mwendo wao, hukosea, hurudi nyuma. Mambo anayopaswa kuyashika yanaonekana machache, lakini si mepesi: asiende mbali hata kengele isisikike, asimfuate kila panya anayepita, asile windo kabla ya watu kufika. Fungu la nyama analopewa baada ya kazi humfunza zaidi ya fimbo. Katika jamii nyingi za misitu ya Afrika ya Kati, mwindaji pia hudondosha maji ya majani fulani katika pua ya mbwa ili kuiamsha. Anayeyatazama haya yote ataona elimu yenye mwalimu, mwanafunzi, vyombo na utaratibu. Ilikosa kitu kimoja tu: kuitwa elimu.

3. Mbwa anavuka bahari

Mbwa wa Kongo walioneshwa London katika maonyesho ya Crufts mwaka 1895, wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa, homa kali ya mbwa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting aliwapeleka Uingereza mbwa sita kutoka kusini ya Sudani. Nao walikufa baada ya kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huo huo. Mbwa aliyejua kuishi msituni hakuwa na kinga dhidi ya maradhi ya miji ya Ulaya.

Aliyefaulu ni Olivia Burn, Mwingereza aliyekaa Kongo. Mbwa aliowatoa huko walipofikishwa Crufts mwaka 1937, watu walijazana kuwatazama. Jina lao sasa lilikuwa Basenji. Hapa sarufi inafichua kilichotendeka. Katika lugha za Kongo usemi wenyewe ulikuwa «mbwa wa basenji», yaani mbwa wa watu wa vijijini. Mgeni alidondosha neno «mbwa», akabaki na neno la wenye mbwa. Akalifanya la umoja, ingawa ni la wingi, kisha Waingereza wakalitia wingi wao kwa kuongeza s. Wenyewe waliomlea na kumfunza mnyama waliondolewa katika usemi, na tusi walilopewa likapachikwa kwa mnyama.

4. Mbwa aliyeokotwa

Mwaka 1941, meli iliyobeba kahawa kutoka Afrika ya Magharibi ilipofika Boston, mbwa jike aliyekonda sana alikutwa katikati ya shehena. Alichukuliwa na chama cha kuokoa wanyama cha mji huo, kisha akapewa Alexander Phemister, mfugaji, akaitwa Congo. Yeye ni miongoni mwa mbwa wa mwanzo wa ukoo wake nchini Marekani, ambako klabu ya wafugaji iliundwa mwaka 1942.

Kisa cha namna hiyo kiliingia hata katika fasihi. Mwaka 1954 mwandishi James Street alitoa riwaya «Good-bye, My Lady», iliyofanywa filamu mwaka 1956. Ndani yake kijana maskini wa mabwawa ya Mississippi anamwokota mbwa wa ajabu asiyebweka na kumfunza kuwinda kwale. Funzo hilo ni kinyume cha lile la Ituri: mbwa wa kwale akinusa ndege husimama kimya, asubiri bunduki, mbwa wa msituni hutakiwa kumtoa mnyama mbio. Mwishowe kijana anagundua kwamba mbwa ana mwenyewe, naye anamrudisha, ingawa moyo unamuuma. Riwaya inafunza kwamba anayemfunza mbwa hupata haki fulani juu yake, lakini haki hiyo haifuti ya yule wa kwanza.

5. Kurudi kwa basenji

Haki ya yule wa kwanza ilikumbukwa kwa sababu ya maradhi. Basenji wote wa ng'ambo walitokana na mbwa wachache. Damu ilipokaribiana mno, magonjwa ya kurithi yalijitokeza: upungufu wa damu unaotokana na kuvunjika kwa chembe nyekundu, kisha ugonjwa wa figo uitwao Fanconi. Miaka ya 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walisafiri hadi kaskazini-mashariki ya Zaire ya wakati ule, wakaomba na kununua mbwa katika vijiji vya Wazande. Mbwa hao waliitwa Avongara, kwa jina la ukoo wa watawala wa Wazande. Mwaka 1990 klabu kuu ya mbwa ya Marekani ilifungua daftari lake la nasaba, ikawaandikisha.

Tukio hilo lina uzito kuliko linavyoonekana. Wale walioitwa basenji ndio waliokuwa wamehifadhi mbwa mzima. Hawakumtunza katika daftari, bali katika kazi: mbwa asiyeweza kuwinda hakuthaminiwa, na anayeweza alizaa. Mwaka 2004 uchunguzi wa vinasaba ulimweka basenji miongoni mwa koo za mbwa zilizo mbali zaidi na nyingine, ukathibitisha kwa njia ya maabara kwamba hazina hiyo ni ya kale.

Wahenga walisema: jina jema hung'ara gizani. Jina hili halikuwa jema, wala si kazi ya makala haya kudai lifutwe; mbwa atabaki kuitwa Basenji. Kazi ya msomi wa Kiswahili ni kutokubali lifasiriwe «kitu kidogo cha porini», kwa maana tafsiri hiyo huwafuta watu kwa mara ya pili. Hakuna udogo katika neno hilo, wala hakuna pori. Mna mwungwana aliyemdharau jirani yake, mkoloni aliyeokota dharau hiyo, na mwindaji ambaye, bila kuulizwa, alimvika mbwa wake kengele na kusikiliza.