Zebaki na Mizizi ya Majini

Mvua ya Ipole, magharibi mwa Tanzania, huingia Mto Ugalla, kisha Malagarasi, ikaishia Ziwa Tanganyika. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000.

Kaskazini mwa ardhioevu hiyo, mkoani Geita, wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu, kisha huchoma donge la zebaki na dhahabu. Mvuke hupaa, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, husombwa na mvua kuelekea Ziwa Victoria. Huko gugumaji, lile lile wanalolilaani wavuvi, hunasa zebaki na risasi katika mizizi yake myeusi yenye nyuzinyuzi, nyingi kuliko zifikazo majanini. Mafunjo na matete hupunguza kasi ya maji, tope likatuama. Ila gugu likiachwa lioze, sumu hurudi majini. Sharti livunwe, wala lisilishwe mifugo.