Cherehani ya Mama

Jioni malori ya vitunguu yakishaondoka hapa Ilula, mimi hukaa barazani na bisibisi, kopo la mafuta ya taa na cherehani kuukuu za Singer.

Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mama. Kutu iliishika hata gurudumu halikugeuka. Nilivilowesha viungo vyake kwa mafuta ya taa siku tatu, nikasugua, nikatia mafuta ya cherehani. Siku ya nne ikazunguka. Namba yake, inayoanza na herufi E, ilinionyesha kuwa ilitoka Clydebank, Uskoti. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 1980.

Mwaka huo sisi tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera vya 1978-79, na nguo zilikuwa adimu madukani. Mama alifumua mashati ya baba, akageuza kitambaa nje ndani, akatushonea ya shule. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikajaa, cherehani ikawekwa stoo.

Siilaumu mitumba, ilituvika. Lakini mimi ndiye niliyeshauri mashine ile iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alikataa bila maneno mengi. Leo kila nikiizungusha, nasikia jibu lake.