Uvimbe wa neva ya sikio: kutoka kidole cha daktari hadi picha ya kompyuta

Leo tuweke kodi kando. Kuna historia ya madaktari ambayo katikati yake anaingia mwenzetu wa kompyuta.

Mtu wa Garsen akiona simu haisikiki vizuri sikio la kushoto na kulia iko sawa, atasema ni nta au simu mbovu. Mara nyingi ni kweli. Mara chache sana ni uvimbe kwenye neva ya usikivu, chini ya fuvu. Si saratani, na kwa kawaida hukua milimita moja au mbili kwa mwaka. Shida ni mahali ulipo: umebanana na shina la ubongo, na neva inayoendesha uso inapita ubavuni mwake.

Mwaka 1894 Charles Ballance wa London alitoa uvimbe wa eneo hilo kwa kuuchomoa na kidole. Mgonjwa aliishi, ila uso ulipooza na jicho likapotea. Wengi wa enzi ile walifariki. Harvey Cushing wa Marekani, katika kitabu chake cha 1917, alishauri uchotwe ndani na ganda liachwe. Vifo vikapungua sana, lakini uvimbe ulikuwa ukirudi. Walter Dandy wa Baltimore akaamua utoke wote. Ukatoka, na mara nyingi uso ndio uliolipa.

Miaka ya 1960 William House wa Los Angeles, aliyesomea meno kabla ya masikio, alichukua hadubini na keekee ya meno akapita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, bila kuusukuma ubongo sana. Usikivu wa upande huo unapotea, lakini neva ya uso daktari anaiona.

Sasa mwenzetu. Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI aliyewahi kuongoza uundaji wa kompyuta ya EMIDEC 1100, ndiye baba wa mashine ya CT. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London Oktoba 1971. Picha ilikuwa na nukta 80 kwa 80. Aikoni za simu yako zinaizidi! Baadaye MRI ikaanza kuonyesha uvimbe wa milimita chache, ambao unaweza kufuatiliwa tu au kupigwa mionzi bila kisu.

Kwetu, Renato Ruberti kutoka Italia alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa upasuaji wa ubongo Nairobi. Lakini Garsen ni njia panda ya Malindi, Lamu na Hola, na Tana ukifurika kama wakati wa El Niño ya 1997, hata Malindi inakuwa mbali.

Kwa hiyo kipimo ninachokitaka mimi Garsen si MRI. Ni cha usikivu: sauti za herzi 250 hadi 8,000, sikio moja moja. Likipungua moja tu, ndipo nauli ya kwenda kwenye MRI itafutwe. Programu ya kutoa sauti hizo ni kazi ya wikendi. Kazi ngumu ni kusawazisha hedifoni, maana za dukani hazilingani, na kelele za jenereta ya jirani.