Hema la watu sita ni la wangapi? Historia ya neno na mzigo wake

LIKIZO ya Agosti inapokaribia, wazazi wa hapa mtaani Kawangware huniuliza swali moja mara kwa mara. Familia ya watu sita inayotaka kwenda kupiga kambi inunue hema la ukubwa gani? Huniuliza mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili na nimezoea kuandamana na wanafunzi wa skauti kambini. Jibu la muuzaji huwa fupi: soma nambari iliyo kwenye mfuko. Langu ni refu kidogo, kwa sababu nambari hiyo ina historia, na neno hema lenyewe lina historia ndefu zaidi.

Ninanuia kuonyesha katika makala haya kwamba historia ya neno hili katika eneo letu ni historia ya nani alilala ndani ya hema na nani alilibeba. Anayechagua hema la familia leo atachagua vyema akianza na swali la yule aliyebeba.

Tuanze na neno. Hema limetokana na Kiarabu, khayma. Sauti ya kh ilipofika kinywani mwa Mswahili ikawa h, kama ilivyokuwa kwa khabari iliyogeuka habari na khatari iliyogeuka hatari. Kuhusu ngeli, wasemaji hawajaafikiana. Biblia ya Union Version ina "hema ya kukutania", yaani ngeli ya i-/zi-, ilhali madarasani wengi wetu hufundisha hema la na mahema. Mtaani Nairobi mjadala huo umekatwa kwa njia ya mkato: watu husema tenti, "tenti imeraruka", na maisha yanaendelea.

Hema lina pacha wa sauti. Kuhema ni kitenzi, maana yake kupumua kwa nguvu kutokana na uchovu au mbio. Maneno haya mawili hayana undugu wa asili. Yamekutana tu kwa matamshi. Hata hivyo, mtu aliyewahi kusoma habari za misafara ya karne ya 19 hawezi kukosa kuona jinsi yalivyofuatana njiani. Mmoja alilala hemani na mwingine alihema chini ya mzigo wake.

Misafara hiyo ilipita hapa kwetu. Kawangware iko katika eneo la Dagoretti, na kabla ya Nairobi kuwa mji, ukingo huu wa nchi ya Wakikuyu ulikuwa mahali pa kutua kwa watu waliotoka pwani kwenda Ziwa Viktoria na Uganda. Mbele yao kulikuwa na nyanda za Wamaasai, ambako chakula cha kununua kilikuwa adimu. Kwa hiyo walisimama karibu na Ngong' na Dagoretti, wakanunua maharagwe, viazi vitamu na mahindi kabla ya kuendelea. Joseph Thomson alipitia upande huu mwaka wa 1883. Count Teleki na mwenzake von Höhnel wakafuata mwaka wa 1887. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameijua njia hii kabla yao wote.

Katika msafara, kila kitu kilipimwa kwa kichwa na bega la mpagazi. Neno mpagazi linatokana na kupagaa, yaani kubeba mzigo begani. Mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa ratili 60 hadi 70, takriban kilo 30. Hema la kiongozi Mzungu lilikuwa la turubai zito la pamba, pamoja na nguzo, kamba na vigingi vyake. Likilowa mvua lilizidi uzito. Basi ukubwa wa hema ulimaanisha wapagazi wangapi watolewe kulibeba, na wapagazi hao walipaswa kulishwa kila siku ya safari.

Wenyewe walilala wapi? Mara nyingi katika kambi: vibanda vya matawi na nyasi vilivyojengwa jioni kwa haraka, vikazungushiwa boma la miiba. Neno kambi nalo linastahili kutajwa. Wapo wanaodhani kuwa tulilipata kutoka kwa serikali ya kikoloni. Lakini Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, alilitumia katika kitabu chake cha 1860, akiliandika khambi, kama jina la mahali msafara ulipolala. Wakati huo hakukuwa na gavana wa Kiingereza popote Afrika Mashariki. Kambi lilikuwa tayari neno la njiani, na katika kambi hiyo hema lilikuwa la mmoja au wawili.

Neno jingine la wapagazi bado tunalitumia kila asubuhi bila kulifikiria. Kutua ni kushusha mzigo. Kutokana na kitenzi hicho tumepata kituo, mahali ambapo mzigo unashushwa. Leo kituo ni cha mabasi, cha polisi, cha afya. Abiria anayesubiri matatu ya 46 hapa kwetu pengine husema steji, lakini akisema kituo anatamka neno linalomtazama mbebaji na haja yake ya kupumzika.

Historia hii ina sura chungu pia. Mnamo Oktoba 1890, Frederick Lugard, aliyekuwa akiitumikia kampuni ya Kiingereza ya IBEA, alifika Dagoretti. Alifanya mapatano ya udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome, kisha akaelekea Uganda akimwacha George Wilson kuisimamia. Mapatano hayakudumu. Watu wa kampuni na misafara walichukua chakula mashambani kwa nguvu, wenyeji wakakataa, na mwaka wa 1891 ngome ya Dagoretti ikaachwa. Kampuni ilijenga nyingine, Fort Smith, upande wa Kabete. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa, na alifariki Kibwezi alipokuwa akipelekwa pwani. Waliokuja wakiomba nafasi ya kutua kwa muda walikuwa wamegeuka wenye kuamua nani akae wapi.

Reli ilipofika Nairobi mwaka wa 1899, mji ulianza kama kambi ya mahema ya wajenzi wa reli. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1909, aliyekuwa rais wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikuja kuwinda akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Habari za uwindaji wake zililitangaza neno safari kwa wasomaji wa Kiingereza duniani kote, ingawa lilikuwa limeingia katika lugha yao tangu karne iliyotangulia. Huko likabanwa maana: safari ikawa wanyama, bunduki, baadaye kamera, na hema la turubai jioni. Kwetu maana haikubanwa. Anayepanda basi Nairobi kwenda Kakamega kuzika yuko safarini, na hakuna twiga popote katika maana hiyo.

Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Waingereza walikusanya wapagazi kwa nguvu katika Carrier Corps, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi hicho limebaki Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam. Watu huenda huko kununua vyondo na nguo, na jina la wabebaji linatamkwa mara elfu kwa siku.

Ninayaeleza haya kwa sababu yanasaidia kufahamu kwa nini hema halijawa kitu cha starehe katika familia nyingi za mtaa huu. Sisi hulijua hema kwa matanga, harusi, harambee na mikutano ya injili. Linasimamishwa barabarani, linafunga njia siku mbili, kisha linapakiwa kwenye pikapu. Na wapo wanaolijua kwa sababu nzito zaidi. Mapema mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, watu waliofukuzwa makwao walipewa hifadhi katika uwanja wa Jamhuri, mwendo mfupi tu kutoka Kibera na Kawangware.

Jirani yangu, fundi wa kushona viti vya matatu, aliponiletea hema alilotaka kununua, mama yake alikuwa ameketi kando.

"Mwalimu, hii imeandikwa watu sita," jirani alisema. "Ni sita wa kukaa ama wa kulala?"

"Wa kulala, na bila mizigo."

"Sasa nguo zitalala wapi?"

Mama akacheka bila furaha. "Nyinyi mnalipa pesa kulala kwa tenti? Mimi nililala bure pale Jamhuri 2008, na sikuambia mtu ati niko likizo."

"Lakini Mama, hiyo ilikuwa maneno ingine."

"Nani alikuambia ni maneno ingine? Mvua ni ile ile. Uliza kama inavuja, uliza mtu mzima atasimama aje akivaa nguo. Mimi niliinama mpaka mgongo ukakataa."

Maswali ya mama huyo ni bora kuliko nambari ya mfukoni, na lile la mwanawe nalo lina uzito wa kiisimu. Kwa wanaokodisha mahema ya sherehe, "tenti ya mia" ni ya watu mia walioketi kwenye viti vya plastiki. Kwa watengenezaji wa mahema ya kambini, "watu sita" ni miili sita iliyolala ubavu kwa ubavu, kila mmoja akipewa upana wa sentimita 60 hivi. Neno watu ni lile lile, kipimo ni tofauti. Mfano wa nyumbani: kitanda cha nne kwa sita wakilala wawili. Hema la watu sita ni vitanda vitatu vya aina hiyo vilivyosukumwa pamoja, bila nafasi ya begi, sufuria wala viatu vyenye matope. Kwa hiyo familia ya sita itafute hema lililoandikwa nane, likiwa na pazia la kugawa vyumba viwili, hasa ikiwa kuna vijana au nyanya yao anaandamana nao.

Kimo nacho kipimwe kwa mtu mzima aliyesimama. Kuhusu mvua, uwezo wa kitambaa kuzuia maji hutajwa kwa milimita. Kwa mvua zetu, tabaka la nje la milimita 2000 hadi 3000 ni la kuaminika, na sakafu iwe imara zaidi, imeshonewa na kuta ili maji yasipenye pembeni. Mishono iwe imezibwa. Hapa yule pacha wa neno anarudi: watu sita wakihema usiku kucha hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo ukikosa pa kutokea hugusa kitambaa baridi na kudondoka alfajiri, na familia itadhani hema linavuja. Tafuta madirisha ya wavu juu na chini, ili hewa ipite na mbu wabaki nje.

Baada ya hayo, uliza swali la mpagazi: uzito ni kilo ngapi, na nani atabeba? Hema la poliesta la familia kubwa huwa na kilo 15 hadi 25. La turubai la pamba hutulia vizuri kwenye upepo na halina joto kali mchana, lakini mara nyingi huzidi kilo 30. Huo ni mzigo kamili wa mpagazi wa 1890, na zaidi. Mwenye gari hatahisi. Mwenye kupanda matatu hadi Naivasha, kisha bodaboda hadi lango la Hell's Gate, atahisi. Kwake ni afadhali mahema mawili ya watu wanne, yanayogawanywa kwa mabega mawili, ambayo pia yanawapa vijana chumba chao.

Nguzo ziangaliwe. Za faibaglasi ni nafuu lakini huchanika kwa upepo. Za alumini ni nyepesi na ghali. Za chuma ni imara na nzito. Hema lisimamishwe mara moja kabla ya safari, katika uwanja wa shule au kanisa ukiomba ruhusa, ili ujue kama kuna kigingi kilichokosekana. Familia isiyo na hakika itapenda likizo ya aina hii inaweza kukodisha kwanza kwa usiku mmoja.

Jirani yangu alirudisha lile la sita dukani na kuchukua mawili ya wanne. Mama yake hajasema kama atakwenda. Alichosema ni kwamba akienda, hatabeba kitu, kwa kuwa zamu yake ya kubeba ilikwisha. Watoto wamekubali, na wamegawana mizigo: mmoja atabeba nguzo, mwingine vigingi na kamba, baba kitambaa. Katika msafara huu, kila atakayehema njiani ana nafasi yake ndani ya hema usiku.