Mpangilio wa Picha: Jicho Lianzie Wapi, Liishie Wapi

Mpangilio wa picha ni namna vitu vinavyokaa ndani ya fremu: kipi kiko mbele, kipi kiko nyuma, mwanga umeangukia wapi, upande upi umeachwa wazi. Kazi yake ni kulishika jicho la mtazamaji na kulipitisha njia fulani. Ungeweza kuuita utunzi, kama wa shairi, lakini nachagua mpangilio kwa sharti moja: mpiga picha wa habari hampangi mtu wala hahamishi jiwe. Anahamisha miguu yake.

Chukua machimbo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, kama Nyarugusu au Mgusu. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, kuna matimba (nguzo za miti) yanayozuia kuta zisiporomoke, kamba iliyoshuka shimoni, na viroba vya mawe vinavyosubiri karasha, mashine ya kusaga mawe. Anayepiga kwa mbali huambulia vumbi na maturubai, na jicho likatangatanga. Akisogea hadi mdomoni mwa duara (kwa ruhusa ya wenyewe, na pale palipo salama, maana kingo humeguka), matimba yanakuwa fremu ndani ya fremu. Kamba nayo ni mstari elekezi, na inaishia kwa mchimbaji anayetazama juu. Taa yake ya kichwani inamaliza kazi, kwa kuwa hakuna kinachovuta jicho upesi kama uso wa mtu na mwanga uliozungukwa na giza.

Mgodi mkubwa una tabia nyingine. Katika mgodi wa wazi wa Nyankanga, Geita, kuta zimekatwa kwa ngazi, na barabara ya malori inazunguka kushuka. Mistari hiyo inaongoza jicho bila kulazimishwa, lakini pasipo mtu au gari, mtazamaji hawezi kujua shimo lina ukubwa gani. Tambarare za Shinyanga hazina hata mistari hiyo. Huko ndiko kanuni ya theluthi inakosaidia: upeo wa macho ukae theluthi ya chini au ya juu, na mbuyu au kundi la ng'ombe likae pembeni. Jina la kanuni hiyo liliandikwa na mchoraji Mwingereza, John Thomas Smith, mwaka 1797, kabla upigaji picha haujakuwapo.

Mpiga picha Sebastião Salgado alipoyapiga picha machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazili, mwaka 1986, alikuta maelfu ya watu wamebeba viroba wakipanda ngazi za miti. Ngazi hizo ndizo zinazopandisha jicho, mtu baada ya mtu. Tunauona umati, na tunaona kwamba kila mmoja ana mgongo wake na mzigo wake.

Maneno nayo yana nguvu. Mwanasayansi Mrusi Alfred Yarbus, katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1967, alionyesha kuwa macho hufuata njia tofauti kwenye picha ileile kulingana na swali aliloulizwa mtazamaji. Maelezo chini ya picha ni swali la aina hiyo. Andika "dhahabu", msomaji atatafuta mawe. Andika jina la kazi ya mtu, atamtafuta mtu.

Ndugu wahariri, mnapoikata picha ya mchimbaji ili iingie kwenye safu, tazameni kwanza kamba ilikuwa inaelekea wapi. Mkiukata uso, mmebaki na shimo.