Setilaiti zatofautisha uchafu wa meli na wa mito Ziwa Victoria

SETILAITI hutumiwa kuchunguza jinsi meli zinavyoathiri mazingira ya bahari na maziwa. Katika Ziwa Victoria, hata hivyo, uchunguzi huo haukamiliki bila kutazama nchi kavu, hadi Kitale na Bungoma, kwani si uchafu wote utokao melini.

Mto Nzoia huanzia milima ya Cherangani na Mlima Elgon. Vijito vyake hupitia mashamba ya mahindi ya Trans Nzoia, nao mto wenyewe hupita Webuye na maeneo ya miwa ya Bungoma kabla ya kuingia ziwani huko Budalang'i. Bonde lake lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Mvua inaponyesha kwenye mashamba yaliyo wazi, huchukua udongo pamoja na mbolea. Mbolea hiyo hustawisha mwani na magugu-maji.

Setilaiti hutumia njia mbili. Ya kwanza ni mwanga wa jua. Maji yenye matope hurudisha mwanga mwekundu kwa wingi kuliko maji safi. Landsat ya Marekani ilianza kupiga picha kama hizo mwaka 1972, na Sentinel-2 ya Ulaya ikafuata mwaka 2015.

Ya pili ni rada, ambayo hupenya mawingu na hufanya kazi hata usiku. Mafuta yakimwagika hutuliza viwimbi, hivyo huonekana kama doa jeusi, ilhali meli huonekana kama nukta nyeupe. Doa refu lililo nyuma ya meli huzua shaka. Matope yanayotandaa kutoka mlango wa mto yana asili nyingine.

Hata hivyo, picha pekee si ushahidi wa kutosha. Maji yaliyokosa upepo nayo huonekana meusi kwenye rada. Mawingu huziba mwanga msimu wa mvua, wakati mito imejaa matope. Aidha, nitrojeni na fosforasi zilizoyeyuka hazionekani moja kwa moja. Ndiyo maana maji ya mto sharti yapimwe pia.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa wanaotafuta tiba. Mafuta huhitaji ukaguzi wa meli na bandari. Matope huhitaji makinga-maji mashambani na miti kandokando ya mito. Udongo unaposombwa, mkulima wa Kitale hupoteza mbolea aliyoinunua kwa fedha zake, naye mvuvi wa Budalang'i huipokea ikiwa uchafu.